Mtoto Anayefika Kwenye Gidoni

Vijana mnaoandika maswali ya hifadhidata siku hizi, mna tabia moja inayoniwasha: mkipata jibu fupi, mnafurahi. Kompyuta ikiwaletea mistari mitatu, mnasema swali lilikuwa safi. Isipowaletea kitu, mnasema hakuna, mnafunga, mnaenda kunywa chai. Mimi nikiona hakuna, navuta kiti. Hapo ndipo kazi inapoanza. Aliyenifundisha hivyo hakuwa mwalimu wala fundi, alikuwa mama mmoja aliyeingia bironi kwetu, yaani ofisini, hapa Bunia akiwa ameinua mkono.

Naitwa Leoni. Nilianza kazi nikiwa binti mpiga taipu, enzi zile ambapo kosa la herufi moja lilikurudisha mwanzo wa ukurasa na bosi amesimama nyuma yako akihema. Nilimaliza kazi nikiwa mwandishi wa maswali ya kompyuta katika shirika dogo lililotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa vita. Shirika hilo halipo tena, msihangaike kulitafuta. Miaka ninayoisimulia ilikuwa ya ile amani yetu ya Ituri mnayoijua ninyi wenyewe: soko limejaa, pikipiki zinapiga honi, mwenye matofali anajenga, lakini nyuma ya mlango wa kila nyumba kuna mfuko uliofungwa tayari. Watu walikuwa wamerudi makwao. Si wote, na hao ambao hawakurudi ndio waliokuwa kazi yetu.

Mwanzoni tulitumia majedwali. Jedwali ni kali. Ukiliambia safu hii ni ya namba, halafu ukatia neno, linakutukana hapohapo. Baadaye tukahamia hifadhidata ya grafu. Humo kila mtu ni fundo, na kila uhusiano ni uzi: huyu ni mama wa yule, hawa walikimbia pamoja, yule alipanda lori hili, lori hili lilishusha watu Komanda. Unafuata uzi kutoka fundo hadi fundo mpaka ufike. Kwa kazi yetu hiyo ilikuwa zawadi, maana mtoto mdogo hajui jina la baba yake, lakini atakuambia kwamba lori alilopanda lilikuwa na mbuzi na mbuzi mmoja alimla kofia.

Na grafu ile ilikuwa na ukarimu uliotupendeza mno, yaani haikukataa kitu. Kwenye fundo la mtoto mmoja, umri ulikuwa namba 6. Kwa mwingine ulikuwa 6 iliyoandikwa kama maandishi. Kwa mwingine ulikuwa neno “six”, kwa sababu kwetu hesabu tunaihesabu kwa Kifaransa hata tukigombana kwa Kiswahili. Vyote vilipokelewa, vikakaa pamoja, kila ndege na ubawa wake. Tukasema, hii ndiyo mashine inayotufahamu watu wa Ituri.

Aliyeileta ni Papa Anselme, mkuu wangu, mtu wa Butembo aliyehamia Bunia na familia yake. Kabla ya kompyuta aliuza vipuri vya pikipiki, na hata bironi aliendesha mambo kama yuko dukani: kila jioni kilichotoka na kilichobaki lazima vijumlishwe vilingane na kilichoingia. Kila ninachojua nimekitoa kwake. Alikuwa akinizuia mkono kabla sijagusa kibodi.

“Leoni, sema swali kwa mudomo kwanza. Kama mama yako hawezi kuisikia, mashine pia haitaisikia.”

Fanyeni hivyo hata leo. Nusu ya maswali mabovu hufia mdomoni, hayafiki kwenye vidole.

Sasa niwape kisa cha unga, ili muone jinsi mtu mwerevu anavyoweza kuchekwa na mashine yake. Tulipewa unga wa uji wa watoto, wadogo kabisa watangulie. Papa Anselme akaiambia grafu ipange watu wote wa mtaa ule kwa umri, kuanzia aliye mdogo. Ikapanga bila kusita. Nikatoka uani, nikaita jina la kwanza, na aliyesimama alikuwa mzee mwenye fimbo, kofia ya sufu kichwani, hana jino hata moja.

“Muzee,” nikamwambia, “hii ni unga ya batoto bachanga.”

“Mumeniita, nimekuja. Weye unataka nikatae wito ya serikali?”

“Siye si serikali, muzee.”

“Basi hata vizuri zaidi. Leta unga.”

Tulipochunguza, tukakuta kijana wetu wa kuandikisha alikuwa ameandika umri wake kuwa “muzee sana”. Na mashine ile ikipanga kuanzia chini, yaliyo maandishi huyatanguliza mbele ya namba. Kwa hiyo muzee sana alikuwa mdogo kuliko kichanga cha mwaka mmoja. Alienda na unga wake, nani angethubutu kumpokonya? Kwa muda mrefu baada ya hapo, akipita mbele ya biro alitusalimia kwa sauti nyembamba ya mtoto, halafu anacheka mpaka anakohoa.

Nasi tulicheka. Lakini tulitoka pale na nusu ya somo, na nusu ya somo ni mbaya kuliko ujinga wote. Papa Anselme alisema hivi: kama mashine inaweza kupanga maneno na namba kwenye mstari mmoja, basi inajua kuvilinganisha, kazi yetu ni kujua tu nani anatangulia. Ilisikika kama akili. Kwa imani hiyo akaandika swali tulilotumia wote bironi: fuata nyuzi kutoka kwa mzazi, pita kwa majirani na malori, ukifika kwa watoto, niletee wenye umri kati ya huu na ule. Bila sharti la umri, swali lingeleta watoto wote waliowahi kupita Komanda, na Komanda ni njia panda. Kila aliyekimbia alipita pale.

Kabla sijamleta yule mama, lazima niwakumbushe desturi ambayo ninyi wa siku hizi mmeanza kuisahau. Ukimwuliza mtu wa kwetu mtoto ana kimo gani, ataonyesha kwa mkono uliosimama, vidole vikitazama juu. Kiganja hakilazwi. Kiganja kilicholala ni cha kupimia mbuzi, na ukikilaza juu ya kichwa cha mtoto unamzuia kukua. Vijana wetu waliozunguka vijijini na simu kuandikisha watoto waliijua desturi hiyo. Walezi wengi walikataa kutaja miaka ya mtoto wasiyemzaa, wakisema miaka yake anaijua mama yake. Basi vijana wakawaomba waonyeshe kimo kwa mkono, wakaandika penye nafasi ya umri mahali mkono ulipofikia: anafika kwenye meza, anafika kwenye dirisha, anafika kwenye gidoni, yaani ule usukani wa pikipiki. Waliandika ukweli mtupu, tena kwa heshima. Sina neno baya juu yao mpaka leo.

Mama Furaha alikuja mara ya kwanza siku ya mvua. Siku ya kukimbia alimpandisha binti yake Neema kwenye lori pamoja na jirani, yeye akarudi nyuma kumchukua mama yake mzazi asiyeweza kutembea. Lori halikumngoja. Jirani aliugua njiani akafariki, na hakuna aliyejua mtoto alishukia wapi. Tulipomwuliza umri alijibu mara moja, “Sasa iko na six ans.” Tukaandika 6. Lakini tulipomwuliza kimo, aliinua mkono wake uliosimama, chini kabisa, karibu na goti.

“Mama, mutoto wa six ans hawezi kuwa mufupi hivyo,” nikasema.

“Najua. Lakini mi niliacha yeye hapa.”

Tukauliza mashine. Hakuna. Akarudi baada ya majuma, tukauliza tena. Hakuna. Alipokuja mara ya tatu, mradi wetu ulikuwa unakaribia kufungwa, na amri ilikuwa imeshatoka: mzazi asiyepatiwa mtoto, dosie yake, yaani faili, ifungwe, mtoto asiyepatiwa ndugu, akabidhiwe kwa mlezi wake moja kwa moja, kwa karatasi ya mahakama. Maana yake ni kwamba kama Neema alikuwa hai mahali fulani, baada ya hapo angekuwa mtoto wa mtu mwingine kisheria, na mama yake asingekuwa na mlango wa kubisha. Papa Anselme alimwambia mwenyewe, kwa upole, kofia mkononi.

“Mama, pole sana. Mashine inasema haiko.”

Mama Furaha hakulia. Alimtazama, akanitazama na mimi.

“Inasema haiko, ao inasema haijui? Ile ni maneno mbili.”

Akaondoka. Nawaambia, neno lile nililirudia mwenyewe kwa mdomo. Chakula cha mchana sikukila. Nikakumbuka hesabu ya dukani ya Papa Anselme: kilichotoka na kilichobaki, jumla yake ni kilichoingia. Nikakaa. Nikasema swali kwa mdomo, halafu nikaliandika: watoto waliofikiwa na nyuzi za Komanda wenye umri kati ya miaka mitano na minane, ni wangapi? Nikapata idadi. Nikauliza kinyume chake: wale ambao si kati ya mitano na minane ni wangapi? Nikapata idadi nyingine. Kisha nikauliza bila sharti lolote: wote ni wangapi?

Haikulingana. Mbili za kwanza ukizijumlisha zilipungua. Kulikuwa na watoto ambao hawakuwa ndani ya swali wala nje yake.

Tulieni hapa, maana hapa ndipo penye ufundi. Ninyi mnadhani mashine ina majibu mawili, ndiyo na hapana. Ile yetu ilikuwa na matatu. Ukiiuliza kama 6 ni ndogo kuliko 8, inasema ndiyo. Ukiiuliza kama 6 ya namba na 6 ya maandishi ni kitu kimoja, inasema hapana, bila aibu. Lakini ukiiuliza kama “gidoni” ni ndogo kuliko 8, haikasiriki wala haikatai. Inajibu kitu ambacho mafundi wanakiita null, na mimi nakiita Sijui. Na kinyume cha Sijui ni Sijui vilevile, ndiyo maana swali langu la pili nalo halikuwaokota. Sharti la swali hupitisha wenye ndiyo peke yao. Wa hapana na wa Sijui wote huachwa nje, kwa kimya kilekile, na wewe uliyekaa mbele ya kioo huwezi kuwatofautisha.

Nikamwita Papa Anselme. Alikuja akiwa amekunja uso, kwa sababu swali lile lilikuwa lake.

“Leoni, unavuruga. Ile siku ya unga mashine ilipanga batu bote, muzee na batoto. Leo namna gani haijui?”

“Papa, kupanga ni ingine, kulinganisha ni ingine. Kwa kupanga inatafutia kila mutu pahali, hata kama ni pahali pa kuchekesha, ili asipotee. Kwa kulinganisha, kama haijui, inanyamaza.”

“Inanyamaza bila kutuambia?”

“Ilituambia. Ni siye tulisema hapana. Mashine haikusema.”

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Halafu akavuta kiti kwa kishindo, na hapo nilijua tumepona, kwa maana Papa Anselme hakuwa mtu wa kupigana na hesabu iliyokataa kulingana.

“Lete bale ba Sijui,” akasema. “Bote.”

Hawakuwa wengi. Wa “six”, wa meza, wa dirisha, na mmoja aliyekuwa Komanda kwa mama mmoja muuza maharagwe aliyeitwa Mama Sifa. Msichana, anafika kwenye gidoni. Tukafuata uzi wake kurudi nyuma: Mama Sifa alimpokea kutoka kwenye lori, na lori lile ndilo lililombeba jirani wa Mama Furaha. Uzi ulikuwa mzima muda wote, kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, na sisi tulikuwa tunaukata kwenye fundo la mwisho, kila mara tulipouliza.

Uzi peke yake hautoshi kumpa mtu mtoto. Na hapa shikeni: ukimpigia mlezi simu, usimtajie unachokitafuta, maana atakupa kwa huruma. Mimi nilimwuliza Mama Sifa jambo moja tu, mtoto anakula namna gani.

“Ah, mama, usiniulize ile! Mi nauza maragi, na huyu mutoto anachubua kila moja na meno. Maganda anaipanga pembeni ya sahani, moja moja. Ananiaibisha mbele ya bashofere ba malori!”

Nikatuma watu wamwite Mama Furaha. Nikamwuliza swali lilelile, nimefunga uso kabisa. Hakumaliza kusikiliza.

“Neema? Ile hapana kula, ile ni kuchubua. Maragi yote anaivua nguo kwanza.” Kisha akaniona machoni, akaelewa. Akaanza kucheka, akacheka huku machozi yanamwagika. “Bado anaharibu maragi? Mungu yangu, bado anaharibu maragi!”

Hatukuweza kuondoka siku ile. Kulikuwa na habari za risasi njiani, na barabara ya Komanda ikafungwa. Tulingoja, na katika kungoja tulirekebisha kazi yetu, kwa sababu walikuwepo wazazi wengine waliokwishaambiwa hakuna. Nawapa nilichojifunza katika siku hizo, kichukueni. Msifute alichosema mtu ili mpate namba safi. “Anafika kwenye gidoni” iacheni ilivyo, ni ushahidi, na kando yake wekeni umri wa chini na umri wa juu kwa namba halisi. Maandishi yanayoweza kugeuzwa namba yageuzeni. Yasiyoweza yatawaletea Sijui nyingine, kwa hiyo yahesabuni pia. Kabla ya kuuliza thamani ni ndogo au kubwa, ulizeni kwanza ni ya aina gani. Na kila swali liwe na matatu yake: wa ndiyo, wa hapana, na wa Sijui, na jumla ilingane na wote. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kuuliza mara moja.

Ili kujua gidoni ina miaka mingapi, tulisimamisha pikipiki uani tukaita watoto wa mtaa. Papa Anselme akaanza kubisha kwamba gidoni za pikipiki hazilingani, inategemea ni ya aina gani na imebadilishwa shoki, zile springi zake, mara ngapi. Muuza vipuri hafi! Tukaleta za waendesha pikipiki wa jirani, za kila namna, tukapima kwa mikono iliyosimama mpaka wapita njia wakadhani tuna ibada mpya. Tulipata umri wa chini na wa juu, na siku hiyohiyo grafu ikajibu kwa baadhi ya wazazi wengine ambao tulishawapa pole.

Barabara ikafunguka. Tulienda na gari la biro, Papa Anselme mbele, mimi na Mama Furaha nyuma. Njia nzima mkono wake wa kulia ulikuwa umesimama juu ya kiti, kimo kilekile cha karibu na goti, kana kwamba akiushusha atakisahau.

Komanda ilikuwa imejaa malori yaliyokuwa yamezuiliwa. Mama Sifa alikuwa nyuma ya sufuria zake, amevaa kitenge cha kanisani siku ya kazi, na macho yake yalikuwa mekundu tangu kabla hatujafika. Alimpenda mtoto yule. Nilijua, na niliumia, na bado naumia nikikumbuka. Alimsukuma msichana mbele kwa mgongo wa mkono, polepole. Mtoto akasimama kando ya pikipiki ya mteja, na ni kweli, alifika kwenye gidoni.

Mama Furaha hakumkimbilia. Alimsogelea akiwa na mkono wake kule chini, akausimamisha kando ya mtoto, kimo kilekile cha goti. Kisha akaupandisha, vidole juu, ukapita kiuno, ukapita bega, ukapita sikio, mpaka ukafika juu ya kichwa. Neema alimtazama bila kuogopa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Hapo mama akapiga magoti akamkumbatia, na hakuna dereva aliyepiga honi.

Alipoinuka, alimfuata Mama Sifa, aliyekuwa amegeuka kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Akamshika mkono, akausimamisha pamoja na wake kule chini karibu na goti, akaupandisha mpaka juu.

“Mi niliacha yeye hapa,” alisema. “Toka hapa mpaka hapa, ni weye mama yake.”